Tumbo Halipokei Amri?

MCHUNGAJI: Kitenzi chenyewe cha Kigiriki ni splankhnizomai, kushikwa na huruma. Kimo mara 12 katika Agano Jipya, zote ndani ya Mathayo, Marko na Luka. Yesu anaona umati uliochoka na kutawanyika, kinamtokea. Anakutana na mjane wa Naini akimzika mwanawe wa pekee, kinamtokea. Msamaria anamkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, kinamtokea naye. Mimi nahubiri mjini Bunia, huku Ituri. Waumini wangu wana makaburi ya vita vya mwaka 2003, wengine wana ya juzi. Nawaambia kwamba neno hili linawadai huruma hata kwa yule aliyekuja na panga. Tukiliacha liwe neno la kumsaidia jirani mwema tu, hatuna habari yoyote ya kuhubiri. Jirani mwema hata mpagani anamsaidia.

WAKILI: Linamdai nani, Mchungaji? Aliyekuja na panga au aliyekimbia?

MCHUNGAJI: Wote wawili.

WAKILI: Basi hapo tunaachana. Utazame mfano wako mwenyewe. Kuna waliopita kando, kuna aliyesimama, kuna aliyelala damu ikimtoka. Wanyang'anyi wameshaondoka na Luka hawataji tena. Nionyeshe mstari mmoja ambamo yule aliyelala chini anaambiwa awahurumie. Huupati. Huruma anaipokea yeye. Wewe umemgeuza majeruhi kuwa mdaiwa.

MCHUNGAJI: Umesahau Msamaria alikuwa nani. Hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu lilibomolewa na Yohane Hirkano, mtawala wa Wayahudi, zaidi ya miaka 100 kabla ya siku zile. Sura moja kabla ya mfano huo, kijiji cha Wasamaria kinamnyima Yesu mahali pa kulala, na wanafunzi wake wanataka kukishushia moto. Hao si majirani waliokosana kwa sababu ya kuku. Aliyeinama kumfunga vidonda yule Myahudi, babu zake walikuwa wameumizwa na babu za Myahudi huyo. Badili majina ya makabila, utajikuta hapa kwetu Djugu. Utajikuta Irumu.

WAKILI: Babu zake. Si yeye, wala si juzi.

MCHUNGAJI: Hapa kwetu juzi na babu vimeshikana. Kila anayeshambulia leo anataja babu yake.

MWALIMU: Mniruhusu niingie, kwa sababu nyote wawili mnakitumia kitenzi hiki kama amri, mmoja akiikubali, mwingine akiikataa. Sarufi haiko upande wa yeyote kati yenu. Splankhna ni viungo vya ndani: moyo, mapafu, ini, figo. Wagiriki wa kale wakichinja mnyama wa kafara, hivyo ndivyo vilivyochomwa kwanza na kuliwa papo hapo na waliosimama karibu na madhabahu. Katika Wamakabayo wa Pili, sura ya 6, kitenzi bado kina maana hiyo ya jikoni: Wayahudi wanalazimishwa kula nyama za ndani za kafara za kipagani. Wanafunzi wangu hucheka wakifika hapo, kwa sababu matumbo wanayajua kwenye sahani. Kisha, katika Kigiriki cha Wayahudi, neno likageuka na kuvaa umbo la kutendwa. Sasa si mimi ninayekula viungo vya ndani. Ni viungo vyangu vya ndani vinavyofanyiwa jambo. Luka anasema esplankhnisthe. Kiswahili kina njia hiyohiyo: huruma ilimshika, ilimwingia. Na hapa Bunia tunasema tunaisikia huruma, kama vile mtu anavyosikia njaa au baridi. Sasa, mtu unaweza kumwamuru asikie baridi? Katika zile mara 12, hakuna hata moja iliyo katika hali ya kuamuru. Anayeshikwa daima ni Yesu, au mtu wa ndani ya mfano wake: bwana aliyefuta deni, Msamaria, baba wa mwana mpotevu. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa: nenda, ukashikwe.

MCHUNGAJI: Lakini mfano wa Msamaria unaishia kwa amri. Anayeulizwa anatumwa aende akafanye vivyo hivyo.

MWALIMU: Akafanye, ndiyo. Na huyo anayeulizwa ni mtaalamu wa sheria, Wakili atafurahi. Yesu anamwuliza ni nani aliyekuwa jirani, naye anajibu kwa neno tofauti. Hasemi aliyeshikwa tumboni. Anasema aliyetenda eleos. Eleos ni neno la zamani zaidi, la ukumbini na barabarani. Kipofu wa Yeriko anapiga kelele akiomba eleos, na Wakatoliki wa Nyakasanza hapa mjini wanaiomba kila Jumapili wakiimba Kyrie eleison. Eleos unaweza kuiomba, kuitenda, hata kuidai mahakamani. Splankhna linakutokea tu. Luka ameyaweka maneno hayo mawili umbali wa mistari minne, na amri imeangukia la pili.

WAKILI: Nimefurahi kweli.

MCHUNGAJI: Msifurahi mapema. Mwalimu amesoma kitenzi, ameruka nomino. Wakolosai, sura ya 3, mstari wa 12: Paulo anawaamuru wavae splankhna, kama mtu anavyovaa shati. Waefeso 4:32 inawataka wawe eusplankhnoi, watu wenye tumbo jema. Petro wa Kwanza inarudia. Halafu kuna Yohana wa Kwanza, 3:17, inayomlaumu mtu kwa kuyafungia splankhna yake. Kitu kinachofungwa kina mlango, na kwenye mlango mtu anaweza kuwekewa amri: fungua. Kama huruma ni baridi tu inayokuja ikitaka, Yohana analalamika nini?

MWALIMU: Hilo nalikubali. Nomino zinaamriwa. Nafikiri Paulo anajua huwezi kuamuru mshtuko wenyewe, kwa hiyo anaamuru mazoea yanayouandalia nafasi.

WAKILI: Msome huo mstari wa Yohana mpaka mwisho! Anayelaumiwa ni nani? Ni mwenye mali ya dunia, anayemwona ndugu yake ana uhitaji, akafunga. Si mjane aliyechomewa nyumba. Ukihubiri mstari huo, hubiri kwa wanaonunua dhahabu ya Mongbwalu na kujenga maghorofa. Hubiri kwa waliokuwa na wanamgambo kwenye orodha ya mishahara. Kwa nini mahubiri ya huruma huelekezwa kambini, kwa waliokimbia, daima?

MCHUNGAJI: Kwa sababu kambini ndiko wanakokuja kanisani.

WAKILI: Jibu hilo ni la kweli, na ni baya.

MUUGUZI: Mimi sijui kama huruma inaamriwa. Najua kwamba inakatazwa, na mimi nilikatazwa. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipopita Kivu Kaskazini na kwetu Ituri, watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Kitu cha kwanza tulichofundishwa kilikuwa kuuzuia mkono. Mtoto analia, usimbebe. Mama anatapika, usimshike kichwa. Maiti ya mzazi wako, usiioshe. Mwalimu, kuna mahali katika Marko ambapo Yesu anamgusa mwenye ukoma. Kitenzi ni hikihiki?

MWALIMU: Hikihiki. Marko 1:41. Anashikwa na huruma, ananyosha mkono, anagusa.

MUUGUZI: Basi katika ugonjwa ule, tumbo likikushika ukanyosha mkono, wiki tatu baadaye tunakuzika na nyumba yako nzima. Huruma ya Msamaria ndiyo iliyobeba virusi kutoka kitanda hadi kitanda. Akina mama waliouguza, na waliofua mashuka, hawakukosa splankhna. Zilikuwa zimewajaa. Walikufa nazo. Walionusuru wengine walikuwa watu ndani ya mavazi ya plastiki, miwani imejaa ukungu, wakihesabu dakika ili watoke. Wakati mwingine sikuwa nasikia lolote. Nilikuwa nasikia joto. Na dawa ilimfikia mgonjwa vilevile.

MCHUNGAJI: Lakini watu waliwakimbia, Dada. Walivichoma vituo, waliwatupia mawe wanaozika. Kwa nini? Kwa sababu waliona mikono isiyo na tumbo.

MUUGUZI: Kweli, na tulijifunza. Huko Beni walileta vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakaweza kukaa nje wakimwona mgonjwa wao, akiwaona. Mazishi yakaitwa ya salama na ya heshima, familia ikaruhusiwa kusimama karibu na kuomba. Na kuna jambo moja ambalo Mwalimu anaweza kuliweka kwenye kitabu chake: watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kituoni walibebwa na waliopona. Hao walikuwa na kinga. Kwa hiyo waliokuwa na ruhusa ya kukumbatia ni wale tu ugonjwa uliokwisha kuwapitia mwilini. Lakini hata hapo, hakuna aliyewaamuru waje. Waliulizwa. Wengine walikataa wakarudi makwao, na hatukuwaita watu wabaya.

WAKILI: Dada amesema nilichotaka kusema mimi. Kazi iliyookoa ilitendwa bila tumbo. Na kama mnapenda Wagiriki, nina Wagiriki wangu. Mwaka 427 kabla ya Kristo, Athene iliuzima uasi wa mji wa Mitilene na kupiga kura kwamba wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Meli ikatumwa na amri. Kesho yake walijuta, wakakutana tena. Kleoni akasimama kuitetea amri, akisema huruma ni moja ya mambo matatu yanayoangamiza dola. Aliyempinga, Diodoto, hakujibu kwamba huruma ni nzuri. Alisema wazi kwamba hataki waongozwe na huruma. Alitetea uhai wa watu wale kwa hesabu tupu: ukiwaua waliojisalimisha, mji mwingine ukiasi utapigana hadi mtu wa mwisho. Akashinda kwa kura chache. Meli ya pili ikapigwa makasia usiku na mchana, ikafika kabla amri haijatekelezwa. Mji mzima ukapona bila mtu kushikwa tumbo. Ndiyo sheria ninayoitaka Ituri. Mnyonge asisubiri mpaka mwenye nguvu asikie kitu.

MWALIMU: Thukidide, mwandishi wa kisa hicho, anasema pia kwamba walioonekana kuwa viongozi wa uasi, zaidi kidogo ya 1,000, waliuawa baada ya hapo.

WAKILI: Sikusema hesabu haina damu.

MCHUNGAJI: Na hakusema kwa nini walijuta usiku ule. Thukidide anaandika kwamba kulipokucha waliiona amri yao kuwa katili. Hesabu ya Diodoto ilikuja asubuhi. Kitu fulani kilikuwa kimeshawafikia usiku. Bila hicho, asingepewa nafasi ya kusema.

(Hapa pana ubishi mrefu juu ya tafsiri za Kifaransa za neno hili. Nimeuacha. Haukumhamisha mtu.)

MWALIMU: Kuna Mgiriki mwingine ambaye lazima tumsikie, hata kama hatupendi asemacho. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Retoriki, anaieleza eleos kuwa maumivu tunayoyapata tukiona baya linampata mtu asiyestahili, baya ambalo tunadhani lingeweza kutupata sisi au wetu. Masharti mawili: asistahili, na mimi niweze kujiona mahali pake. Kwa sharti la kwanza, mwuaji yuko nje. Kwa la pili, anaongeza jambo gumu zaidi: waliopoteza kila kitu hawahurumii tena, kwa sababu wanaona hakuna baya lililobaki la kuwapata. Na anatoa mfano wa mfalme Amasi wa Misri, ambaye hakulia mwanawe alipopelekwa kuuawa, lakini alilia alipomwona rafiki yake akiomba chakula. La mwanawe lilikuwa la kutisha, na kitisho huifukuza huruma. Kwa hiyo, Mchungaji, kwa Aristotle, kambi ndiyo mahali pa mwisho pa kuidai.

MAMA: Huyo Aristotle aliishi kambi gani?

MWALIMU: Hakuishi kambini, Mama.

MAMA: Nilijua. Mimi niko kambini tangu nitoke Djugu. Ile siku tulifika Bunia tukiwa na nguo za mwilini tu. Mwanamke aliyenipa kopo la kwanza la bunga alikuwa amefika siku mbili mbele yangu, na bunga yenyewe ilikuwa ya kuombaomba. Waliobaki na nyumba mjini walitupa pia, siwasemi vibaya. Lakini usiniambie kwamba aliyepoteza yote hasikii huruma. Ni yeye anayejua kopo moja lina uzito gani.

MWALIMU: Nadhani angesema hukuwa umepoteza yote.

MAMA: Na mimi ningemwambia aje anihesabie.

MCHUNGAJI: Mama, umenisaidia. Kama kambini huruma ipo, basi ninachowaomba si kitu kigeni kwao.

MAMA: Hapana, Pasta. Usinichukue haraka hivyo. Ile huruma ilinijia kutoka kwa mwenzangu. Wewe unaitaka kwa yule mwingine. Umesema Paulo anasema tuvae, kama shati. Mimi nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Shati ukilivalisha juu ya kidonda kibichi linagandamana na nyama. Siku ya kulivua, linavua na ngozi. Ulipohubiri mwezi ule, kuna mama aliyekuwa amekaa nyuma yangu. Uliposema tumhurumie aliyekuja na panga, alitoka nje. Ulidhani ameenda msalani.

MCHUNGAJI: Nilimwona. Sikudhani hivyo.

WAKILI: Na kitu kingine. Anayeomba huruma kwa niaba ya mwuaji, ameulizwa na mwuaji? Kwa kawaida tunaombwa tuwahurumie watu ambao hawajaomba lolote, na wengine wako ofisini.

MCHUNGAJI: Wengine waliomba. Germain Katanga, aliyehukumiwa Hague kwa shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, mwaka 2014 aliiacha rufaa yake na kueleza majuto kwa wahanga. Unaweza kusema alikuwa anahesabu miaka ya kifungo. Mimi siwezi kuingia tumboni mwake.

WAKILI: Wala mimi, na ndiyo sababu sheria haiingii. Ilimpa miaka 12. Mwaka 2017 majaji wakaamua kwamba wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250, fidia ya ishara, pamoja na misaada ya pamoja kama nyumba na elimu. Mchungaji atasema dola 250 ni matusi.

MCHUNGAJI: Hapana, wewe ndiwe unayepaswa kutueleza kwa nini si matusi.

WAKILI: Kwa sababu kuna karatasi yenye jina la mhanga, na mahakama imeandika kwamba alichotendewa kilikuwa kosa. Hakuombwa asikie chochote ili aipokee. Hakuulizwa kama amesamehe. Mtu anaweza kuichukua fidia akiwa na chuki kamili, na bado ni yake. Hiyo ni heshima ambayo mahubiri yako hayampi.

MUUGUZI: Nataka kuuliza juu ya hasira. Mwalimu, uliwahi kusema kwamba ile sehemu ya mwenye ukoma ina utata.

MWALIMU: Ina utata mkubwa. Nakala nyingi za zamani zinasema Yesu alishikwa na huruma. Lakini Kodeksi Beza, nakala ya karne ya 5 hivi, ina neno jingine mahali hapohapo: orgistheis, alikasirika. Na wapo wataalamu wanaodhani hilo ndilo alilolitumia Marko, kwa sababu ni rahisi kuelewa mnakili aliyebadili hasira kuwa huruma; aliyebadili huruma kuwa hasira ni vigumu kumwelezea. Mathayo na Luka wanaposimulia kisa hicho hawataji hisia yoyote, kama vile walikuta kitu kilichowasumbua.

MUUGUZI: Mimi hakinisumbui. Septemba 2002, hospitali ya Nyankunde ilishambuliwa, watu zaidi ya 1,000 wakauawa pale na karibu na pale, wagonjwa wengine wakiwa vitandani. Kila muuguzi wa Ituri amesimuliwa habari hiyo na wenzake waliomtangulia. Ninapoisikia, tumbo linanishika, na sijui kama ni huruma au hasira. Naona ni kitu kimoja, kinageuka kulingana na ninayemtazama. Nikimtazama aliyelala kitandani ni huruma. Nikimtazama aliyesimama mlangoni ni hasira. Sasa Mchungaji ananiambia nibaki na upande mmoja wa kitu ambacho hakina pande.

MCHUNGAJI: Sikuambii uiache hasira. Yesu huyohuyo aliyekasirika alinyosha mkono.

MUUGUZI: Kwa mgonjwa. Hakuunyosha kwa ukoma.

MWALIMU: Nifanye kazi yangu ya kuudhi tena. Kuna matumizi mengine ya splankhna ambayo hatujayagusa, na pengine ni ya ajabu kuliko yote. Paulo anamwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa aliyetoka kwa bwana wake. Anasema anamrudisha, na anamwita splankhna zake mwenyewe. Huyu mtu ndiye viungo vyangu vya ndani. Washairi wa Kigiriki walisema hivyo juu ya watoto, kama sisi tunavyosema mtoto wa tumbo langu. Kiebrania kinafika hapohapo kwa njia nyingine: rakhamim, huruma, imetoka kwa rekhem, tumbo la uzazi, na Kiarabu kina rahma na rahim vya mzizi huo, ambako tumepata rehema. Maana yake ni kwamba huruma katika lugha hizi zote ilianza nyumbani, kwa aliyetoka ndani yangu. Swali ni jinsi ilivyovuka uzio. Paulo anaivusha kwa kumwita mtu baki mtoto. Anabadili ukoo kwanza, hisia inafuata.

WAKILI: Na Filemoni anabaki na nini? Barua inayomwambia amehesabiwa kuwa ndugu wa mtu ambaye huenda amemkosea, na itasomwa mbele ya kanisa lililo nyumbani mwake. Hilo ni shinikizo.

MCHUNGAJI: Filemoni alikuwa bwana wa watumwa, Wakili. Kwa mara moja mahubiri ya huruma yamemwendea mwenye mali, kama ulivyotaka, na bado unalalamika.

WAKILI: Nimeshindwa hapo.

MCHUNGAJI: Basi nikusukume zaidi. Unasema kuna majeruhi na kuna mnyang'anyi, na sheria inawatenga. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 kwa kosa gani? Kuandikisha watoto walio chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, hapahapa, 2002 na 2003. Kwa mahakama yako, mtoto yule mwenye bunduki ni mhanga. Ana haki ya fidia. Je, wale aliowafyatulia risasi?

WAKILI: Katika kesi hiyo, si wahanga. Mashtaka hayakuwahusu.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo aliyechomewa kijiji aliketi akasikiliza redio, akaambiwa kwamba aliyekuja kukichoma ndiye atakayelipwa. Na unasema mahubiri yangu ndiyo yanayowadharau waliokimbia.

WAKILI: Ulikuwa uamuzi wa mwendesha mashtaka kuchagua shtaka lile, na watu wa Ituri waliulalamikia sana, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini sheria haikumhurumia yule mtoto. Ilihesabu umri wake.

MCHUNGAJI: Na aliyeandika kwamba miaka 15 ndiyo mpaka, alihesabu kwa nini? Namba hiyo haikushuka mbinguni. Mtu aliwaangalia watoto, tumbo likamshika, kisha akaandika kifungu. Eleos yako ya mahakamani ni splankhna iliyopoa.

MUUGUZI: Na wa miaka 16?

MAMA: Aliyekuja kwetu sikumwuliza umri.

MCHUNGAJI: Mama, unamkumbuka?

MAMA: Namwona. Yuko hapa mjini, amekuwa mtu mzima, anaendesha pikipiki. Ameshanipakia mara kadhaa kutoka sokoni. Yeye hanijui. Siku ya kwanza nilishuka kabla ya kufika, miguu haikunibeba. Siku nyingine nilipanda nikafika. Nilimlipa, akakosea kurudisha pesa, akanizidishia, nikamrudishia yake. Msiniulize hiyo inaitwaje kwa Kigiriki.

MWALIMU: Siulizi. Sina neno lake.

MCHUNGAJI: Mimi ninalo, lakini nimekatazwa kuamuru.

WAKILI: Mama, nisikilize. Kama siku ile alikuwa hajatimiza miaka 18, mahakama ya Hague haimgusi, ni kifungu cha 26 cha Mkataba wa Roma. Kama alikuwa ametimiza, kosa lake halina ukomo wa muda, kifungu cha 29. Kila kitu kinategemea umri wake. Nitajie jina tu, umri tutautafuta.

MAMA: Ndiyo maana jina sijakupa. Wala Pasta sijampa.